Je, Wajua? Saa na Makufuli Ndani ya Kompyuta Isiyoruhusiwa Kuchelewa

Je, wajua kwamba ile kero ya mwaka 2024, ya kubonyeza tarakimu 60 kwenye mita ya LUKU ili upate umeme wa siku mbili, ilitokana na saa iliyokuwa inaishiwa nafasi? Mita za malipo ya kabla za mfumo wa STS, zinazotumika Tanzania, Kenya na nchi nyingine nyingi, wakati huo ziliitambua kila tokeni kwa hesabu ya dakika zilizopita tangu 1 Januari 1993. Hesabu hiyo imepewa biti 24 tu, yaani nafasi ya dakika 16,777,216, na nafasi hizo zilikuwa zinakwisha tarehe 24 Novemba 2024. Mita ambayo haikuhuishwa kabla ya hapo ingekataa tokeni mpya. Mafungu mawili ya kwanza ya tarakimu 20 hayakuwa na umeme wowote. Yalikuwa ya kubadili ufunguo wa siri wa mita na kuianzishia hesabu upya. Fungu la tatu ndilo lililobeba uniti zako.

Mambo ya namna hii ndiyo yanayowanyima usingizi wanaoandika viini vya mifumo endeshi ya wakati halisi. Kiini ni ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi, inayoamua nani atumie prosesa, lini, na kwa muda gani. Nyuzi ni kazi ndogondogo zinazokwenda kwa zamu au sambamba ndani ya programu moja. Kiini kina mizigo miwili mikubwa: kuzuia nyuzi zisivamie kitu kimoja kwa pamoja, na kujua ni saa ngapi. Vitabu huitenganisha mizigo hiyo katika sura mbili. Mimi naona ni sura moja, na mikasa itakayofuata itanitetea.

Je, wajua kwamba mfumo wa wakati halisi si lazima uwe na kasi? Kompyuta ya michezo sebuleni huweza kuuacha mbali sana kwa mbio. Unachodaiwa mfumo huu ni ahadi: kazi fulani itakwisha kabla ya muda fulani, kila mara, hata siku mambo yote yakitokea kwa mpigo. Mfuko wa hewa wa gari ukifunguka nusu sekunde baada ya kugonga, kompyuta imepiga hesabu sahihi na dereva ameumia.

Je, wajua kwamba mwaka 1973 C. L. Liu na James Layland walitoa hesabu maarufu ya uhakika huo? Walionyesha kwamba ukizipa kipaumbele cha juu zaidi kazi zinazorudi upesi zaidi, na kazi hizo hazitegemeani, hakuna itakayochelewa mradi zote pamoja zisile zaidi ya asilimia 69 hivi ya muda wa prosesa, hata ziwe nyingi kiasi gani. Zingatia lile sharti la kutotegemeana. Mara nyuzi zinapoanza kugawana kitu, uhakika unatikisika.

Je, wajua kwamba kifaa cha kwanza mashuhuri cha kuzipanga nyuzi zinazogawana kitu, semafo, kilibuniwa na Mholanzi Edsger Dijkstra mwanzoni mwa miaka ya 1960? Ni namba moja tu. Anayetaka kuingia huipunguza, anayetoka huiongeza, na anayeikuta sifuri hulala hadi aamshwe. Jambo gumu ni kwamba kuitazama namba na kuipunguza lazima kuwe tendo moja lisilokatizwa katikati. Zaidi ya miaka 60 imepita na bado ndipo watu wanapojikwaa.

Je, wajua kwamba kujikwaa hapo kumewahi kuua wagonjwa? Mashine ya mionzi Therac-25, iliyotengenezwa Kanada na kampuni ya AECL, iliwamiminia watu sita mionzi ya kupindukia kati ya 1985 na 1987, na baadhi yao walikufa. Uchunguzi mkubwa wa Nancy Leveson na Clark Turner, uliochapishwa 1993, ulikuta kwamba programu yake iligawana vigezo kati ya kazi mbalimbali bila ulinzi wa maana. Mtumishi mzoefu aliyesahihisha maandishi kwenye skrini haraka, ndani ya sekunde 8, aliiacha sehemu moja ya mashine ikiamini jambo moja na sehemu nyingine ikiamini jingine. Palikuwa na kasoro ya pili, ndogo na ya kutisha zaidi: kigezo cha baiti moja kilichoongezwa moja kila mzunguko, ambapo sifuri ilimaanisha "hakuna haja ya kukagua". Baiti moja ikiongezwa mara 256 hurudi sifuri. Kwa hiyo kila mzunguko wa 256 ukaguzi ulirukwa, na aliyebonyeza kitufe katika nukta hiyo alimpiga mgonjwa bila kinga. Hapo kufuli, yaani kizuizi cha kuingia mmoja mmoja, na hesabu vilishindwa ndani ya mashine moja.

Je, wajua kwamba chombo kilichotua Mars kiliwahi kujizima na kujiwasha chenyewe kwa sababu ya kazi ya hali ya hewa? Mars Pathfinder ilitua tarehe 4 Julai 1997. Siku chache baadaye kompyuta yake ikaanza kujianzisha upya, na kila ilipofanya hivyo kazi iliyobaki ya siku ile iliahirishwa. Ndani yake mlikuwa na mfumo endeshi wa VxWorks wa kampuni ya Wind River. Kazi moja ya kipaumbele cha juu ilipanga safari za data kwenye njia ya mawasiliano, mara nane kila sekunde. Nyingine, ya juu vilevile, ilizigawa data hizo. Na kazi ya kipaumbele cha chini ilikusanya vipimo vya hewa. Ya kugawa data na ya hali ya hewa zilikutana kwenye kufuli moja.

Fikiria nyumba ya kupanga yenye bafu moja. Mtoto ameingia na kufunga mlango. Mwenye nyumba yuko nje na taulo begani, amechelewa kazini. Mtoto angemaliza kwa dakika moja, ila kila akianza kujimwagia maji mpangaji wa chumba cha kati anamwita amtume dukani, na ufunguo wa bafu anaondoka nao mfukoni. Mpangaji wa kati hana haja na bafu wala hana ubaya na mwenye nyumba, lakini ndiye anayemchelewesha. Ndivyo ilivyokuwa kule Mars. Kazi ya hali ya hewa ilishika kufuli, kazi za kipaumbele cha kati zikaipokonya prosesa, na kazi ya kugawa data ikabaki mlangoni. Kazi ya kupanga safari za data iliporudi kwa zamu yake na kukuta data hazijagawiwa, iliona kuna hatari na kuianzisha kompyuta upya.

Wahandisi wa JPL, maabara ya NASA, wakiongozwa katika upande wa programu na Glenn Reeves, waliirudia hali hiyo kwenye nakala ya chombo iliyokuwa maabara. Dawa ilikuwa tayari ndani ya VxWorks: kigeuzi kimoja kinachoruhusu kufuli lirithishe kipaumbele, kilichokuwa kimeachwa kimezimwa. Ukikiwasha, mtoto mwenye ufunguo anapata cheo cha mwenye nyumba hadi atoke bafuni, na hakuna mpangaji wa kumtuma popote. Marekebisho yakatumwa kutoka duniani na tatizo likaisha. Linaloniuma zaidi ni kwamba chombo kilikuwa kimewahi kujianzisha upya namna hiyo kikiwa bado kinajaribiwa hapa duniani, lakini wahandisi walipotaka kulinasa tatizo halikujirudia. Kasoro za muda ndivyo zilivyo, hukimbia ukizitafuta.

Je, wajua kwamba ugonjwa huo ulikuwa umeshaandikwa miaka 17 kabla ya Pathfinder kutua? Butler Lampson na David Redell waliueleza mwaka 1980 katika maelezo yao ya lugha ya programu ya Mesa. Mwaka 1990 Lui Sha, Ragunathan Rajkumar na John Lehoczky wakachapisha hesabu kamili za kurithi kipaumbele, pamoja na mbinu ya dari, ambayo hulipa kila kufuli cheo chake tangu mwanzo. Dari ina faida ambayo kurithi hakuna: kwenye prosesa moja, nyuzi mbili haziwezi kukwama zikisubiriana milele.

Je, wajua kwamba katika FreeRTOS, mfumo mdogo ulioanzishwa na Richard Barry mwaka 2003 na ambao leo umo ndani ya vifaa vidogo visivyo na idadi, semafo ya ndiyo-na-hapana na kufuli la kawaida huonekana kama mapacha? Hazifanani. Kufuli lina mwenyewe na hurithisha kipaumbele; semafo haina mwenyewe, kwa hiyo hakuna wa kupandishwa cheo. Anayelinda data kwa semafo kwa kuwa "inafanya kazi" anajitengenezea Mars yake ndogo. Semafo ni ya kuamshana. Ya kulindia mali ni kufuli.

Na prosesa zikiwa nyingi? Hapo kurithi kwa mtindo wa zamani hakutoshi. Mwenye kufuli anaweza kuwa amepangiwa prosesa namba 1, inayotumiwa na kazi nzito kuliko yeye, huku anayesubiri yuko prosesa namba 2 iliyo tupu. Cheo alichorithi hakimsaidii kama hawezi kuvuka. RTEMS, mfumo endeshi huria unaotumika sana kwenye vyombo vya anga, una itifaki ya OMIP inayomruhusu mwenye kufuli kukimbilia kwenye prosesa ya yule anayemsubiri, amalize kazi yake huko, kisha arudi kwake. Kwa maoni yangu hiyo ni moja ya mbinu nzuri sana za fani hii, na ajabu ni kwamba haisimuliwi kama inavyosimuliwa ile ya Pathfinder.

Je, wajua kwamba safari ya kwanza ya chombo cha anga cha Marekani aina ya shuttle iliahirishwa kwa sababu kompyuta hazikukubaliana saa? Ilikuwa 10 Aprili 1981. Kompyuta nne za chombo zilikuwa zinaendesha programu moja, na ya tano, ya akiba, ilikuwa na programu tofauti kabisa ili kasoro ya zile isiikumbe. Zikiwa zimebaki dakika 20, ile ya tano ikashindwa kwenda sambamba na wenzake. Chanzo chake kilikuwa hiki: kompyuta ya kwanza kuwashwa haikusoma saa moja kwa moja ili kukokotoa wakati wa kuanza, bali ilitazama kazi ya mwanzo kwenye foleni ya kiini, kwa imani kwamba foleni bado haina kitu. Mabadiliko madogo ya awali yalikuwa yameiachia foleni nafasi ya kuwa na kitu, mara moja katika kila 67 za kuwasha. Siku ile ikaangukia humo. Wakazizima, wakaziwasha upya, na chombo kikaruka tarehe 12.

Aliyeisimulia kasoro hiyo kwa maandishi mwaka huohuo ni Jack Garman wa NASA. Ndiye yuleyule kijana wa miaka 24 ambaye Julai 1969, Apollo 11 ikishuka mwezini na kompyuta ikitoa tahadhari namba 1202, alikuwa na orodha ya tahadhari aliyoiandika kwa mkono na kujua kwamba safari inaweza kuendelea. Kompyuta ile ilikuwa inaelemewa na ishara za bure kutoka rada: umeme wa rada na umeme wa kompyuta ulikuwa wa marudio yaleyale, ila mawimbi yake hayakupanda na kushuka pamoja. Kiini chake, kilichobuniwa na Hal Laning wa MIT, kilitupa kazi ndogo na kushika kubwa. Wakatua.

Je, wajua kwamba sehemu ya kumi ya sekunde haiandikiki kikamilifu kwa namba za kompyuta? Katika mfumo wa mbili, moja ya kumi haina mwisho, kama moja ya tatu isivyo na mwisho katika desimali. Betri ya Patriot, yaani mitambo ya makombora ya kudungua makombora ya adui, iliyokuwa Dhahran, Saudi Arabia, ilihesabu muda kwa sehemu za kumi na kuzigeuza kuwa sekunde kwa biti 24. Kila hatua ilipoteza takribani sekunde 0.000000095. Betri ikiwa imewashwa kwa saa 100 mfululizo, upungufu ulifika sekunde 0.34, na kombora la Scud kwa muda huo husafiri zaidi ya nusu kilomita. Tarehe 25 Februari 1991 rada ilitafuta kombora mahali ambapo halikuwepo. Askari 28 wa Marekani waliuawa. Programu iliyorekebishwa ilifika Dhahran kesho yake. Kuizima betri na kuiwasha kila baada ya saa chache kungetosha kuufuta upungufu huo.

Sasa hesabu za kufurika, haraka haraka. Milisekunde ndani ya biti 32 hujaa baada ya siku 49.7, na ndiyo sababu Windows 95 ilikwama ikiachwa imewashwa muda huo (wengi hawakugundua, kwa maana ilikwama mapema kwa sababu nyingine). Sehemu za mia za sekunde, biti moja ikiwekwa kando kwa ajili ya alama ya kutoa, hujaa baada ya siku 248. Mwaka 2015 mamlaka ya anga ya Marekani iliagiza umeme wa Boeing 787 uzimwe kabla ya hapo, la sivyo vidhibiti vya jenereta vingeweza kuzimika vyote pamoja, hata ndege ikiwa angani. Sehemu za kumi za sekunde ndani ya biti 32 hudumu miaka 13.6: chombo cha Deep Impact kilipotea mwezi Agosti 2013, na NASA ikashuku saa yake. Nanosekunde ndani ya biti 64, moja ikiwekwa kando kwa ajili ya alama ya kutoa? Miaka 292. Linux ya leo hutumia hiyo kwa hesabu zake za ndani.

Je, wajua kwamba Linux hujidanganya kwa makusudi kila inapowashwa? Kaunta yake ya midundo ya saa haianzi na sifuri. Kwenye mashine za biti 32 huanzishwa kwenye thamani ambayo itafurika dakika tano tu baada ya kuwasha. Msimbo wowote unaodhani kwamba namba haziwezi kurudi nyuma huumbuka hapohapo, mwandishi akiwa bado amekaa mbele ya mashine, badala ya kuumbuka wiki saba baadaye ikiwa kwa mteja. Laiti kila fani ingekuwa na hila ya namna hii.

Je, wajua kwamba kulala milisekunde 100 si sawa na kuamka kila milisekunde 100? Tuseme uzi unasoma kipimo cha joto, kazi ya milisekunde 3, kisha unalala 100, kisha unasoma tena. Mzunguko wake ni 103. Baada ya saa moja utakuwa umepungukiwa na vipimo zaidi ya 1,000 kati ya 36,000 ulivyovitarajia. FreeRTOS ina agizo la kulala kwa muda fulani na agizo jingine la kulala hadi muda fulani. Kwa kazi ya kujirudia, la pili ndilo lake.

Je, wajua kwamba vipima muda vingi ndani ya kiini hufutwa kabla ya kulia? Programu hutuma ujumbe na kusema, "Nisipojibiwa kwa sekunde mbili, niamshe." Kwa kawaida jibu huja mapema. Ndiyo maana George Varghese na Tony Lauck walibuni mwaka 1987 gurudumu la muda, ambalo kuingiza na kufuta kipima muda ni kazi ndogo ileile, viwe kumi au elfu kumi. Linux iliweka gurudumu kwa vipima vya kungoja na, tangu 2006, mti uliopangwa kwa vile vinavyotakiwa kulia kwa usahihi. Mwaka uliofuata ikajifunza pia kuacha mdundo kabisa isipokuwa na kazi, na betri zikapata nafuu.

Hapa ndipo saa na kufuli hukutana uso kwa uso, na hapa ndipo ningependa mwanafunzi akae kitako. Uzi unasubiri kufuli kwa muda usiozidi milisekunde 5. Katika maikrosekunde ileile, mwenye kufuli analiachia kwenye prosesa moja, na kipima muda kinalia kwenye prosesa nyingine. Uzi uamke na jibu lipi: "umepata" au "muda umekwisha"? Kiini kikizembea utaamshwa mara mbili, au utaambiwa muda umekwisha huku kufuli limeandikwa jina lake, na tangu hapo halifunguki tena kwa sababu mwenyewe hajui kwamba analo. Viini vya zamani vilijibu kwa kufuli moja kubwa lililofunga kila kitu, na kwenye prosesa nyingi hilo ni foleni. Viini vilivyoboreshwa huupa kila uzi alama ndogo ya hali yake, na anayewahi kuibadilisha kutoka "nasubiri" kwenda hali nyingine, kwa agizo moja lisilogawanyika la prosesa, ndiye mshindi. Aliyechelewa anakuta alama imebadilika na kuondoka kimya. Mstari mmoja wa msimbo ndio unaokata shauri.

Je, wajua kwamba kungoja sekunde tano kunaweza kuchukua saa nzima? Kompyuta ina saa mbili: ya ukutani, inayoweza kurekebishwa, na ya mwendo, isiyorudi nyuma kamwe. Ukipanga muda wa kungoja kwa saa ya ukutani, halafu mtandao ukairudisha nyuma saa moja, utangoja saa moja. Lugha ya C++ ilipoleta zana za nyuzi mwaka 2011, iliruhusu kungoja kwa saa ya mwendo. Lakini kwenye Linux maktaba ya glibc haikuwa na agizo la kulitimiza hilo sawasawa hadi toleo la 2.30, mwaka 2019. Kwa miaka minane msimbo ulioonekana sahihi ulikuwa unangoja kwa saa nyingine chini kwa chini.

Je, wajua kwamba sekunde moja iliangusha tovuti kubwa duniani? Kuamkia 1 Julai 2012, saa tisa usiku kwa saa za Afrika Mashariki, iliongezwa sekunde moja ili saa zilingane na mzunguko wa dunia. Ndani ya Linux, saa kuu iliipokea sekunde hiyo, lakini vipima muda vya usahihi mkubwa havikuarifiwa. Vikabaki sekunde moja mbele, kwa hiyo kila uzi ulioomba kungoja kwa muda wa chini ya sekunde uliambiwa papo hapo kwamba muda wake umepita, ukaomba tena, ukaambiwa tena, na prosesa zikachemka. Reddit ilianguka, abiria wa shirika la ndege la Qantas walikwama kwa sababu mfumo wa kuwaandikisha uligoma. Dawa iliyosambaa usiku ule ilikuwa kuiambia kompyuta saa ileile iliyokwisha kuwa nayo, kwa kuwa agizo la kuweka saa ndilo lililowaarifu wote. Sekunde za namna hiyo zimeongezwa 27 tangu 1972, na mwaka 2022 mataifa yalikubaliana kuachana nazo ifikapo 2035.

Je, wajua kwamba kusoma saa kunahitaji ulinzi, ila si kufuli? Muda huhifadhiwa kwa namba kadhaa, na ukizisoma wakati zinabadilishwa utapata sekunde mpya na sehemu kuukuu. Ukiweka kufuli, nyuzi zote zinazouliza saa zitapanga foleni. FreeBSD, mfumo endeshi mwingine huria, ilitatua kwa namba ya kizazi: msomaji anaisoma, anachukua muda, kisha anaisoma tena. Ikiwa imebadilika, au ni sifuri, anarudia. RTEMS iliuchukua utaratibu huohuo na kuacha ule wake wa zamani wa kuhesabu midundo, na ndipo mfumo ulioanza kwa ajili ya makombora ukapata saa ya kufaa prosesa nyingi.

Je, wajua kwamba Linux ya kawaida ilichukua miaka 20 hivi kukubaliwa kuwa ya wakati halisi? Thomas Gleixner, Ingo Molnar na wenzao walianza kuandika viraka vyao katikati ya miaka ya 2000. Waligeuza makufuli ya kuzungukazunguka ndani ya kiini, ambayo anayesubiri hukaa akiuliza bila kulala, yawe ya kulala na ya kurithi kipaumbele, na ishara za vifaa wakazipa nyuzi zake zenyewe. Kikwazo cha mwisho kilikuwa ile sehemu ya kiini inayoandika ujumbe kwenye skrini. Kazi ilikamilika katika toleo 6.12, Novemba 2024.

Je, wajua kwamba fuwele ya saa huchukia joto? Ile ya kawaida hutetema mara 32,768 kwa sekunde, yaani mbili 15 zikizidishwa zenyewe kwa zenyewe, na imepangwa kuwa sahihi karibu nyuzijoto 25. Ukiipandisha hadi 45, joto la kawaida ndani ya boksi la chuma juu ya paa la bati pwani, hupoteza zaidi ya sekunde moja kila siku. Fundi anayeweka kifaa nje asilaumu programu kabla ya kupima joto.

Na la mwisho. Jumanne, 19 Januari 2038, saa 12:14:07 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, hesabu ya sekunde tangu 1970 iliyowekwa ndani ya biti 32 itajaa, na kila kifaa ambacho hakijabadilishwa kitaamini kwamba ni Desemba 1901. Linux ilikamilisha marekebisho kwa ajili ya mashine za biti 32 mwaka 2020, toleo 5.6, lakini kifaa kilichofungwa ukutani na toleo la zamani hakitajirekebisha chenyewe. Kama unanunua leo lifti, pampu ya kisima, kidhibiti cha sola au geti la umeme unalotaka lidumu miaka 15, muulize muuzaji saa yake ina biti ngapi, na asipojua, mwambie akaulize kabla hujalipa.